Chati Imeharibika Ukubwa Baada ya Kuhamia Excel: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Msimu wa ripoti ukianza, malalamiko ninayoletewa ni ya aina moja. Uchambuzi umekamilika, namba zimehakikiwa, lakini chati zilizotoka kwenye programu za takwimu za R, Stata, SPSS au SAS zikifika kwenye lahajedwali zinageuka. Moja imebonyea, nyingine imefunika jedwali, ya tatu herufi zake hazisomeki hata ukikuza skrini. Mwenye kazi anashika kona ya picha na kuivuta hadi imridhishe. Kesho yake data inasahihishwa, chati zote 40 zinatoka upya, na anaanza tena kuzivuta moja moja.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta yako, anza na kisababishi cha kwanza kilichotajwa, maana ndicho ninachokikuta mara nyingi, kisha shuka chini.

## Kwanza, vipimo vitatu

Chati moja ina vipimo vitatu tofauti, na karibu kila hitilafu hapa inatokana na mtu kurekebisha kimoja ilhali kosa liko kwenye kingine.

Cha kwanza ni ukubwa wa kuchorea: inchi au sentimita za "karatasi" ambayo programu ya takwimu ilichorea. Herufi za pointi 11 kwenye karatasi ya inchi 6 zinaonekana vizuri. Pointi 11 zilezile kwenye karatasi ya inchi 14 zinapotea. Cha pili ni idadi ya pikseli, inayoamua ukali wa picha peke yake. Cha tatu ni ukubwa wa kupachikwa, yaani nafasi ambayo picha inapewa juu ya seli.

Weka pia namba hizi kichwani. Kwenye Excel ya Windows, ukubwa wa skrini ukiwa asilimia 100, inchi moja ni pikseli 96. Mstari wa kawaida wa kitabu (faili la Excel) kinachotumia fonti ya Calibri 11 una kimo cha pointi 15, sawa na pikseli 20, na safuwima ya kawaida ina upana wa pikseli 64. Kwa hiyo chati ya inchi 6 kwa 4 inachukua safuwima 9 na mistari 19 na kidogo.

Halafu bofya chati mara moja na utazame juu kwenye utepe. Ukiona kichupo cha "Picture Format", hiyo ni picha tupu. Ukiona "Chart Design", ni chati hai iliyochorwa na Excel yenyewe. R kupitia kifurushi cha openxlsx, Stata, SPSS na SAS kwa kawaida huleta picha. Chati hai utaikuta zaidi kwa wanaotumia lugha ya Python na vifurushi vya XlsxWriter au openpyxl. Marekebisho ya picha na ya chati hai hayafanani, kwa hiyo usiruke hatua hii.

## Dalili ya 1: Chati imebonyea au imetandazwa

Duara limekuwa yai, herufi zimekuwa fupi na pana. Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu mteremko wa mstari ukibadilika, msomaji anasoma habari nyingine. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambako ongezeko dogo la mahudhurio ya kliniki lilijadiliwa kwa nusu saa kama mruko wa ghafla. Picha ilikuwa imevutwa kwenda juu ili ijaze nafasi iliyobaki ukurasani. Namba hazikuwa zimeguswa.

Ukaguzi rahisi: bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sehemu ya ukubwa, usome asilimia ya urefu na asilimia ya upana. Zikiwa hazilingani, picha imepindishwa. Bonyeza kitufe cha "Reset" kilicho hapohapo. Ikirudi sawa, picha yenyewe haina kosa, na mara nyingi ni mtu aliyevuta kishikio cha katikati badala ya cha kona. Weka alama kwenye "Lock aspect ratio", andika upana unaoutaka kwa namba, na uache urefu ujipange wenyewe.

Kama kila unapozalisha faili upya picha inatoka imebonyea, kosa liko kwenye skripti. Kwa watumiaji wa R mtuhumiwa wa kwanza ni `insertImage` ya openxlsx. Usipoipa vipimo, inachukua upana wa inchi 6 na urefu wa inchi 3 bila kujali picha yako ina umbo gani. Picha iliyohifadhiwa kwa inchi 7 kwa 5 ilipaswa kuwa na urefu wa inchi 4.29 ukiipa upana wa 6. Ikilazimishwa kwenye 3, inabaki na asilimia 70 tu ya kimo chake. Dawa ni kutaja vipimo mahali pamoja na kuvitumia mara mbili:

```
upana <- 6
urefu <- 4.5

ggsave("mahudhurio.png", chati,
       width = upana, height = urefu, dpi = 300)

insertImage(kitabu, "Mahudhurio", "mahudhurio.png",
            width = upana, height = urefu,
            startRow = 3, startCol = 2)
```

Kwa wanaochora na matplotlib, kifurushi cha Python cha kuchorea, kuna kisababishi kingine kisichoonekana kirahisi. Chaguo la `bbox_inches="tight"` hukata nafasi nyeupe pembeni, kwa hiyo picha inayotoka haina tena vipimo ulivyoandika kwenye `figsize`. Kila chati inakatwa kwa kiasi chake kulingana na urefu wa lebo zake, na ukizipachika zote kwa vipimo vilevile, kila moja inapinda kivyake. Liondoe chaguo hilo na utumie `layout="constrained"` wakati wa kuunda chati.

## Dalili ya 2: Chati ina ukubwa sahihi, lakini maandishi ni madogo mno

Watu wengi wakiliona hili hukimbilia kuongeza ukubwa wa fonti, wakati mara nyingi fonti haina kosa.

Kisababishi cha kwanza ni karatasi kubwa ya kuchorea. Mtu anaona chati yake inabanana kwenye skrini, anaandika `width = 14, height = 10`, inapumua vizuri. Kisha anaipachika kwenye nafasi ya inchi 6. Kila kitu kinapunguzwa pamoja: herufi za pointi 11 zinakuwa pointi 4.7, na hakuna printa itakayoziokoa. Chora kwa ukubwa uleule utakaopachika. Ikibanana kwa ukubwa huo, basi chati ina mambo mengi kuliko nafasi yake; igawe au iongezee kimo.

Cha pili ni pikseli nyingi bila kutaja msongamano wake. Amri ya `png()` ya R isipopewa `res` huhesabu pikseli 72 kwa inchi. Ukiandika `png("a.png", width = 1800, height = 1200)`, R inadhani karatasi yako ina upana wa inchi 25, na herufi zake za pointi 12 zinapata pikseli 12 tu. Ukiiweka picha hiyo kwenye inchi 6, unabaki na maandishi ya kama pointi 3. Andika hivi:

```
png("a.png", width = 6, height = 4, units = "in", res = 300)
```

Pikseli ni zilezile 1800 kwa 1200, lakini maandishi sasa yana ukubwa wa kusomeka. Hapa ndipo tofauti ya kipimo cha kwanza na cha pili inapoonekana wazi.

Ukishahakikisha hayo mawili, ndipo uguse fonti. Mandhari za ggplot2, kifurushi cha R cha kuchorea, huanza na `base_size` ya 11, na maandishi ya mihimili hupewa asilimia 80 ya hapo, yaani pointi 8.8. Kwa ripoti itakayochapishwa hiyo inatosha. Kwa chati itakayorushwa ukutani kwa projekta mimi hupandisha hadi 14 au 16.

Maandishi yakiwa makubwa kupita kiasi na chati imejikunyata katikati, soma aya hizi kinyumenyume: karatasi ilikuwa ndogo, picha ikakuzwa. Wakati mwingine R yenyewe hukataa kuchora na kulalamika kwamba kingo ni kubwa mno, "figure margins too large". Hapo inakuambia kuwa karatasi uliyoipa haitoshi hata lebo.

## Dalili ya 3: Majina yanapandana kwenye mhimili

Tanzania ina mikoa 31, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Kenya ina kaunti 47. Mtu anachora nguzo za mikoa yote kwa urefu wa kawaida wa inchi 4, halafu anashangaa Simiyu na Singida kuandikwa juu ya kila mmoja.

Hesabu inajieleza. Ukitoa kichwa na mhimili wa chini, inchi 4 zinaacha kama 3.3 za kuchorea. Ukigawa kwa mikoa 31, kila jina linapata inchi 0.106. Herufi za pointi 8.8 (inchi moja ni pointi 72) zinahitaji inchi 0.122 kabla hata ya kuweka pengo, kwa hiyo hazitoshi, na hazitatosha ukiongeza `dpi` (pikseli kwa inchi) hadi 600.

Nguzo zikiwa zimesimama, zilaze kwanza, ili majina yasomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha ukokotoe urefu kutokana na idadi ya nguzo badala ya kukisia:

```
urefu <- 1 + 0.2 * length(unique(data$mkoa))
```

Kwa mikoa 31 unapata inchi 7.2, kwa kaunti 47 unapata 10.4. Skripti ikiandikwa hivyo, hata ukichuja data ibaki mikoa 5 ya Zanzibar, chati inajipunguza yenyewe hadi inchi 2.

Kwenye Stata kanuni ni hiyohiyo, unaiandika kwa `xsize()` na `ysize()` ndani ya amri ya grafu. Zingatia kwamba ukubwa wa kawaida wa grafu ulibadilika toleo la 18 lilipotoka mwaka 2023: kutoka inchi 5.5 kwa 4 hadi inchi 7.5 kwa 4.5. Ofisi yenye kompyuta mbili zenye matoleo tofauti itapata chati mbili zisizofanana kutoka skripti moja, na nimeona watu wakilaumiana kwa hilo. Taja vipimo waziwazi na tofauti hiyo itaondoka.

Kwenye SPSS, bofya chati mara mbili ili kihariri kifunguke, nenda kwenye sifa, kichupo cha "Chart Size". Kwa anayezalisha chati nyingi ni afadhali kuandika ukubwa kwenye sintaksia ya GGRAPH (amri ya SPSS ya kuchora chati), mara tu baada ya BEGIN GPL:

```
PAGE: begin(scale(600px,900px))
```

na kabla ya END GPL:

```
PAGE: end()
```

## Dalili ya 4: Chati ni kubwa mno na imefunika karatasi nzima

Hii naletewa zaidi na watumiaji wa Stata. Wameambiwa, na ni kweli, kwamba picha kali inahitaji pikseli nyingi. Wanaandika `graph export "a.png", width(1800) replace`, kisha `putexcel B2 = image("a.png")`. Amri ya `putexcel` haina mahali pa kutaja upana wa picha. Picha inaingia na pikseli zake zote, na 1800 ukigawa kwa 96 ni karibu inchi 19.

Una njia mbili. Ya haraka ni kuhamisha picha kwa pikseli zinazolingana na nafasi: inchi 6 mara 96, yaani `width(576)`. Kwa kusoma kwenye skrini inatosha, lakini ikichapishwa itakuwa na ukungu kidogo. Ya pili ni kuhamisha kwa pikseli 1800, kisha ndani ya Excel kuchagua picha zote kwa pamoja, kufunga uwiano, na kuandika upana mmoja kwa namba. Inachukua dakika moja hata kwa picha 20, na ndiyo ninayoipendekeza kwa ripoti ya kuchapishwa. Kama toleo lako la Stata ni la zamani na linakataa neno `image`, jaribu `picture`.

Kwa openxlsx, ukitumia `units = "px"`, kumbuka kwamba pikseli zinagawanywa kwa `dpi` uliyotaja ili kupata inchi. 1800 kwa `dpi = 300` ni inchi 6; 1800 kwa `dpi = 96` ni karibu inchi 19. Mimi hutumia inchi tu, nikaepuka mkanganyiko wote huo.

## Dalili ya 5: Chati zinapandana, au moja inafunika jedwali

Picha haikai ndani ya seli. Inaelea juu yake, na programu inayoipachika haijui kwamba chini kuna jedwali. Ukiweka chati ya kwanza mstari wa 3 na ya pili mstari wa 15, zote zikiwa na urefu wa inchi 4, lazima zipandane.

Hesabu nafasi: urefu kwa inchi zidisha kwa 4.8, unapata mistari inayoliwa. Chati ya inchi 4 inakula mistari 19.2. Kwenye kitanzi cha R (amri zinazorudiwa kwa kila chati) inatosha hivi:

```
mstari <- 3
for (m in mikoa) {
  # chora, hifadhi na pachika kwenye startRow = mstari
  mstari <- mstari + ceiling(urefu * 4.8) + 2
}
```

Kama umekuza baadhi ya mistari, kwa mfano ya vichwa vya habari, hesabu hii inaacha nafasi zaidi ya inayohitajika, na hilo halina madhara. Mistari ikiwa imepunguzwa ndipo itapungukiwa.

Mkiwa hapo kwenye kitanzi, angalieni pia majina ya faili. Openxlsx huichukua picha wakati wa kuhifadhi kitabu, si wakati `insertImage` inapoitwa. Ukihifadhi kila chati kwa jina moja la "chati.png", mikoa yote 31 itatoka na picha ya mkoa wa mwisho. Kwa mtazamo wa haraka ripoti inaonekana kamili, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Ipe kila picha jina lake, na usizifute picha mpaka kitabu kiwe kimehifadhiwa.

## Dalili ya 6: Chati ina ukungu

Anza na jambo dogo: rudisha ukuzaji wa dirisha uwe asilimia 100. Kwenye asilimia 70 au 85, hata picha safi huonekana imechafuka.

Bado ina ukungu? Uliza ilitokaje. Iliyopigwa kwa picha ya skrini, au kuhamishwa kwa kitufe cha RStudio (programu ya kuandikia R) bila kutaja vipimo, ina pikseli chache kuliko nafasi yake. Hakuna marekebisho ndani ya Excel yatakayorudisha kisichokuwepo. Irudie kutoka kwenye skripti. Iliyohifadhiwa kama JPEG itakuwa na vumbi la rangi kuzunguka herufi, tumia PNG. Na kama ilikuwa safi jana ikachakaa baada ya kuhifadhi, Excel yenyewe inabana picha. Nenda kwenye chaguo za programu, sehemu ya "Advanced", chini ya "Image Size and Quality", uweke alama ya kuzuia ubanaji. Fanya hivyo kabla ya kupachika, kwa kuwa picha iliyokwisha kubanwa na kuhifadhiwa hairudi.

## Dalili ya 7: Ukubwa unabadilika wenyewe baada ya kupachika

Ulipanga vizuri, mwenzako akapanua safuwima ili jina la wilaya litoshe, na chati ikatanuka nayo. Au alichuja jedwali, mistari ikajificha, na chati ikawa mstari mwembamba.

Chati imefungwa kwenye seli. Kwenye sehemu ya ukubwa ya picha kuna kipengele cha "Properties" chenye chaguo tatu: isogee na kubadilika pamoja na seli, isogee bila kubadilika, au isifuate seli kabisa. Chagua la pili kwa kazi za kawaida. Kwenye XlsxWriter unaliandika kwa `object_position`: picha zinaanza na 2, ambayo ni salama, lakini chati hai zinaanza na 1, na kwa hiyo ndizo zinazoumia zaidi. Upangaji wa safuwima na mistari ufanyike kwanza, upachikaji wa chati uje baadaye. Kanuni hiyo ina nguvu zaidi pale kitabu kinapotumia fonti kubwa zinazosukuma kimo cha mistari, kwa sababu programu inayopachika haioni msukumo huo.

Kama ukubwa unatofautiana kati ya kompyuta na kompyuta tu, tazama mpangilio wa skrini wa Windows. Kompyuta mpakato nyingi huwekwa asilimia 125 au 150, na upana wa safuwima hauongezeki sawasawa na picha. Chapisha ukurasa mmoja kutoka kila mashine kabla ya kubadilisha chochote. Zikitoka sawa kwenye karatasi, iache.

## Dalili ya 8: Nabadilisha namba, lakini hakuna kinachotokea

Hapa unarekebisha kitu ambacho programu haikisomi.

Kwenye SAS ndiyo hali ya kawaida. Chaguo za `goptions` hazina nguvu juu ya chati za `proc sgplot`. Hizo zinasikiliza `ods graphics`, na ni lazima amri itangulie utaratibu wenyewe:

```
ods excel file="ripoti.xlsx";
ods graphics / reset width=6in height=4in;
proc sgplot data=mikoa;
  hbar mkoa / response=mahudhurio;
run;
ods excel close;
```

Usipotaja kitu unapata pikseli 640 kwa 480. Ukitaja upana peke yake, urefu unafuata uwiano wa 4 kwa 3. Na kama chati hazitokei kabisa, tazama kama ofisi yenu bado inatumia `tagsets.excelxp`. Njia hiyo ya zamani haibebi picha. Hamieni `ods excel`.

Kwenye SPSS, sanduku la kuhamishia matokeo kwenda Excel halikupi pa kuandika upana na urefu wa chati. Ukubwa unawekwa kwenye chati yenyewe kabla ya kuhamisha, kama nilivyoeleza kwenye dalili ya 3.

Kwenye R, `insertPlot` hunakili chochote kilicho kwenye dirisha la michoro wakati huo, na kwa kawaida hukipa inchi 6 kwa 4. Ndani ya kitanzi au funksheni, chati ya ggplot2 haichorwi mpaka uandike `print(chati)`. Usipoandika, inapachikwa ya zamani. Skripti inayoendeshwa usiku kwenye seva isiyo na skrini ndiyo inayoleta onyo la "No plot to insert". Mimi niliacha kutumia `insertPlot` kwa kazi za aina hiyo. Amri za `ggsave` na `insertImage` hazitegemei dirisha.

Na ukiona `ggsave` inakataa kwa madai kwamba vipimo vimezidi inchi 50, umeandika pikseli mahali pa inchi. Usiizime kinga hiyo kwa `limitsize = FALSE`. Ongeza `units = "px"`, au andika inchi.

## Dalili ya 9: Kwenye skrini ni sawa, kwenye karatasi inakatika

A4 ina upana wa inchi 8.27. Ukitoa kingo za kawaida za Excel, inchi 0.7 kila upande, zinabaki 6.87. Chati ya inchi 6 inayoanzia safuwima ya B tayari imesogea kwa pikseli 64, ambazo ni theluthi mbili ya inchi, na nafasi iliyobaki ni ya kubahatisha. Ianzie A, au ipunguze hadi inchi 5.5, au ugeuze karatasi ilale.

Agizo la "tosheleza ukurasa mmoja kwa upana" linasaidia, lakini soma asilimia ambayo Excel imeichagua. Ikishuka chini ya 75, umerudi kwenye dalili ya 2 kwa mlango wa nyuma.

## Lini uache na kumwita mtaalamu

Excel ikisema imekuta tatizo kwenye maudhui na inaomba kurekebisha faili. Usikubali na kuhifadhi juu ya faili ileile. Marekebisho hayo huweza kufuta michoro yote kimyakimya. Nakili faili kwanza, kisha umpe aliyeandika skripti nakala iliyoharibika bila kuigusa.

Chati ikionyesha umbo tofauti na jedwali hata baada ya "Reset". Hilo halihusu ukubwa tena. Huenda mhimili umekatwa au data si ile. Mwite mtakwimu aliyefanya uchambuzi kabla ripoti haijaondoka.

Ripoti ikiwa imeshasainiwa au kuwasilishwa. Usibadilishe chati ndani ya faili iliyopokelewa, hata kama unaipendezesha tu. Zungumza na msimamizi wa ripoti, toleo jipya litolewe na tarehe yake.

Faili ikiwa na taarifa za wagonjwa au wahojiwa. Hapa watu wema huteleza. Sehemu ya picha uliyoikata ndani ya Excel bado imo kwenye faili mpaka uifute kwa makusudi. Chati hai ukiibandika Word kwa kuipachika na kitabu chake, data yote inasafiri nayo, pamoja na karatasi ulizozificha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Faili kama hilo halitumwi kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada wa ukubwa wa chati. Mwone afisa wa data wa taasisi yako.

Skripti ikiwa inaendeshwa yenyewe kwenye seva na kulisha ripoti za ofisi nyingine. Kubadilisha vipimo hapo kunahamisha kila kinachofuata chini yake. Mwachie anayeisimamia.

Unapomwita, usimpelekee picha ya skrini peke yake. Mpe skripti au sintaksia, jina la programu na namba ya toleo lake, vipimo unavyovitaka kwa inchi, na data ya kubuni yenye mistari kumi inayoonyesha kosa lilelile.